Maini ya sahani, maini ya kopo na kidonge cha kliniki

Mtu mwenye simu na akiba kidogo jijini Nairobi, Kampala, Kigali au Dar es Salaam anaweza leo kuagiza kopo la vidonge vilivyotengenezwa kwa maini ya ng'ombe yaliyokaushwa na kusagwa. Ng'ombe mwenyewe amekula majani New Zealand au Argentina, kopo limefungwa Marekani, na tangazo lake linaahidi damu, nguvu na ngozi nyororo. Kopo likiwa bado njiani, ini la ng'ombe wa Karamoja, Kajiado au Shinyanga linaning'inia kwenye bucha ya mtaa wa pili.

Mtu mzima mwenye afya ana haki ya kutumia fedha zake apendavyo. Shida inaanza pale maneno ya tangazo yanapomfikia mama mjamzito. Kushoto anaambiwa na jirani kwamba vidonge vya kliniki vinatia kichefuchefu, aviache ale maini. Kulia anaambiwa na muuzaji kwamba vya kliniki ni kemikali, aviache anunue hivi vya asili. Ushauri wa jirani na wa muuzaji unaishia mahali pamoja: kidonge cha kliniki kinabaki ndani ya pakiti. Hapo ndipo mjadala wa ini la sahani na ini la kopo unapoacha kuwa suala la ladha na kuwa suala la uhai.

Upungufu wa damu si jambo dogo katika ukanda huu. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa Tanzania wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Uganda, mwaka 2016, ilikuwa asilimia 32. Rwanda, mwaka 2019-20, ilikuwa asilimia 13. Ni majirani wanaopakana na kununuliana ng'ombe, ndizi na samaki, lakini tofauti kati yao ni kubwa. Mama anayeingia chumba cha kujifungulia akiwa na damu pungufu ana nafasi ndogo ya kuhimili kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, na mtoto wake yuko katika hatari zaidi ya kuzaliwa na uzito mdogo.

Kwa sababu hiyo ni lazima vitu vitatu vitenganishwe: ini la sahani, kidonge cha kliniki na kidonge cha ini kavu. Majina yanafanana, kazi hazifanani.

Ini la sahani ni chakula, na ni chakula kizuri. Gramu 100 za maini ya ng'ombe yaliyopikwa zina takribani miligramu 6 za madini ya chuma, tena chuma ambacho mwili hukifyonza kwa urahisi kuliko kile cha maharage au mchicha. Zina vitamini B12 zaidi ya maikrogramu 60, ilhali mtu mzima anahitaji 2.4 tu kwa siku. Zina pia foliki, shaba na vitamini A kwa wingi. Ni vyakula vichache sokoni vyenye virutubisho vingi kiasi hicho ndani ya kipande kidogo.

Kidonge cha kliniki ni kinga. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mjamzito apate kila siku miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma pamoja na maikrogramu 400 za asidi ya foliki. Kiwango hicho kiliwekwa kwa sababu mimba inadai damu ya mama, ya kondo la nyuma na ya mtoto kwa wakati mmoja, na mlo wa kawaida wa familia nyingi haufikii huko.

Kidonge cha ini kavu ni ini lile lile, isipokuwa ni dogo sana. Dozi ya kawaida inayoandikwa kwenye makopo ni vidonge sita vya miligramu 500, yaani gramu 3 za unga. Ini bichi ni maji kwa takribani asilimia 70. Kwa hiyo gramu 3 za unga ni sawa na gramu 10 hivi za ini bichi: kipande ambacho mchoma mishikaki angekiona hakifai kuchomekwa kijitini. Chuma kilichomo ni takribani nusu miligramu. Ili mama apate chuma kilichomo katika kidonge kimoja cha kliniki chenye miligramu 30, ingembidi ameze dozi ya siku 60. Hata ukikubali kwamba chuma cha ini hufyonzwa vizuri zaidi, na ukazidisha mara tano kwa ukarimu, pengo bado halizibiki.

Hesabu hiyo haihitaji maabara. Inahitaji kalamu na maandishi yaliyo nyuma ya kopo. Lakini wauzaji wengi hawauzi hesabu, wanauza neno "asili", na neno hilo limekuwa na nguvu kuliko mizani.

Wapo wanaojitetea kwa historia, na historia hiyo ni ya kweli. Mwaka 1926, madaktari George Minot na William Murphy wa Boston, Marekani, walitangaza kwamba wagonjwa wa aina moja ya upungufu wa damu, ugonjwa uliokuwa ukiua karibu kila aliyeupata, walipata nafuu walipolishwa maini kwa wingi kila siku. Walikuwa wamejenga juu ya majaribio ya George Whipple, na mwaka 1934 wote watatu wakapewa Tuzo ya Nobel. Ini lilikuwa dawa kweli.

Lakini historia hiyo haikuishia kwenye sahani. Wagonjwa walichoka kula maini kila siku, wengine wakiyala mabichi. Wanasayansi wakatafuta ni kitu gani hasa ndani ya ini kilichokuwa kikiponya, na mwaka 1948 kitu hicho kikapatikana kikiwa safi: vitamini B12. Tangu hapo mgonjwa wa aina ile hupewa sindano au kidonge chenye kiasi kinachojulikana. Kwa maneno mengine, sayansi iliondoka kwenye ini ikaenda kwenye kipimo. Kopo la ini kavu linarudi nyuma: linachukua ini zima, linalipunguza hadi kipande cha gramu 10, kisha linaazima sifa za sahani iliyojaa.

Hata hivyo, kukosoa kopo kusigeuke kuwa kusema ule maini bila kikomo. Sifa ya ini ndiyo pia hatari yake. Gramu 100 za maini ya ng'ombe yaliyopikwa zina takribani maikrogramu 9,000 za vitamini A, wakati kiwango cha juu kinachohesabiwa kuwa salama kwa mtu mzima kwa siku, kwa vitamini A ya aina hiyo, ni 3,000. Vitamini A ikizidi sana, hasa miezi ya mwanzo ya mimba, inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Ndiyo maana Uingereza inawashauri wajawazito wasile maini kabisa. Katika ukanda huu, ambako watoto wa miezi 6 hadi 59 bado wanapewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita kwa sababu wengi hawaipati ya kutosha, hali ya lishe si ile ya London. Lakini mjamzito anayeambiwa ale maini kila siku "aongeze damu" anapewa ushauri mbaya, hata kama unatoka kwa mtu anayempenda. Aulize kliniki kabla ya kuyafanya maini mboga ya kila siku. Kadhalika mwenye ugonjwa wa jongo anajua, au anapaswa kujua, kwamba maini na figo humwamshia maumivu.

Kuna pia suala la machinjio. Ini ni kiungo ambacho mkaguzi wa nyama hukiangalia kwa makini, kwa sababu minyoo ya ini ni ugonjwa wa kawaida kwa ng'ombe wanaonywa maji ya mabwawa na maeneo ya majimaji. Maini mengi hukataliwa Dagoretti, Vingunguti na katika machinjio mengine ya ukanda huu kwa sababu hiyo. Figo na maini pia ndiyo hubakiza masalia ya dawa endapo mfugaji amemdunga ng'ombe sindano na kumpeleka mnadani kabla ya siku zilizoelekezwa kwisha. Mnunuzi anayetafuta mhuri wa mkaguzi na kupika ini hadi liive anajilinda. Mnunuzi wa kopo hana ini la kutazama wala wa kumuuliza. Anachoona ni unga ndani ya ganda.

Jambo linalosahaulika zaidi liko mezani nyumbani. Kusema "mama ale maini" ni rahisi. Kuhakikisha yanafika kwenye sahani yake ni kazi nyingine. Katika jamii nyingi za ukanda huu firigisi ni ya baba, na mtoto anayeidokoa huchapwa. Buganda ya zamani wanawake hawakuruhusiwa hata kula kuku na mayai. Miiko mingi imelegea, lakini mazoea ya nani anapakuliwa kwanza na nani anamalizia mchuzi bado yapo. Mwanamume mzima mwenye afya anahitaji chuma kidogo kuliko mama mjamzito, kwa kuwa hapati hedhi, hana mimba na hakui tena. Familia inayotaka kuongeza damu ya mama inaweza kuanza kwa kubadilisha mkono unaopakua, na hilo halina gharama.

Tena si lazima liwe ini la ng'ombe, ambalo kwa familia nyingi ni mboga ya mwisho wa mwezi. Ukanda huu una chakula cha viungo vya ndani ambacho hakihitaji bucha: dagaa wa Tanzania, ambao Kenya huitwa omena, Uganda mukene, na Rwanda na Burundi indagara. Samaki hawa wadogo huliwa wazima, pamoja na kichwa, mifupa na matumbo, na hapo ndipo vitamini A, chuma na kalsiamu vilipo. Kampala wana katogo ya matoke na utumbo asubuhi; Dar es Salaam wana supu ya utumbo na chapati. Hizi ni mboga na supu za watu wa kawaida, na zina nafasi yake kwenye lishe. Zikiliwa na limao au chungwa chuma cha ndani yake hufyonzwa zaidi, na chai ya rangi ikisubiri saa moja au mbili baada ya chakula haitakizuia.

Wanaokataa kidonge cha kliniki wana hoja moja ya kusikilizwa. Kinaleta kichefuchefu, kinafunga choo na kinafanya choo kuwa cheusi, na mama asiyeonywa mapema hushtuka akaacha. Jibu la hoja hiyo ni maelezo mazuri siku ya kwanza: ameze usiku kabla ya kulala au baada ya kula, ajue choo cheusi si damu, arudi aulize kama hali inamshinda. Na jibu la pili ni vidonge kuwepo. Kliniki inayomwambia mama "vimeisha, njoo mwezi ujao" inamtuma moja kwa moja kwa muuzaji wa makopo. Aidha, damu inayoliwa na malaria na minyoo ya safura hairudishwi na ini wala kidonge peke yake. Chandarua na dawa ya minyoo ni sehemu ya tiba hiyo hiyo.

Hapa ndipo Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kazi. Soko la pamoja lilianza mwaka 2010, na kopo linaloingia kwa bandari ya Mombasa au Dar es Salaam halichelewi kufika Kigali, Bujumbura au Goma. Mashirika ya viwango ya Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda yamezoea kukubaliana kuhusu unga, mafuta ya kupikia na saruji. Yakubaliane pia kuhusu makopo haya: yaandike waziwazi, kwa Kiswahili, miligramu za chuma na maikrogramu za vitamini A katika dozi ya siku, yabebe onyo kwa wajawazito, na yasiruhusiwe kutumia maneno "kuongeza damu" kama dozi yake haifiki hata miligramu moja ya chuma. Hilo si kuzuia biashara. Ni kumpa mnunuzi kalamu ya kupigia hesabu.

Hadi siku hiyo ifike, mpangilio ni rahisi. Kwa mjamzito, kidonge cha kliniki ni cha kwanza, kila siku, bila kuruka. Sahani ni ya pili: dagaa, maharage, mboga za majani, nyama ikipatikana, na maini kwa kiasi ambacho kliniki imekubali. Kopo ni la mwisho, na kwa familia inayopima shilingi au faranga kabla ya kwenda sokoni, linaweza kabisa kubaki dukani. Bei yake inatosha kununua dagaa wa wiki kadhaa, na hao watamlisha mama pamoja na watoto wake wote.