Bosi Anapaka Rangi Geti, Kamati ya Bunge Inataka Mafaili!

Chukulia kuna bosi mmoja wa kiwanda pale Kibaha, jina kapuni. Barua imeingia Jumatatu: Kamati ya Bunge inakuja Alhamisi, kuna malalamiko inataka kuyachunguza. Jumanne geti linapakwa rangi. Jumatano vijana wanagawiwa helmeti mpya na reflekta ambazo hata lebo hazijatoka, na vibarua hamsini wanaambiwa kesho wapumzike, "tutawapigia". Alhamisi Coaster zinaingia, ngoma inalia, picha zinapigwa, bosi anatabasamu meno yote nje.

Halafu mbunge mmoja anavaa miwani yake taratibu na kuuliza: "Naomba kuona mikataba ya wafanyakazi na risiti za michango yao ya NSSF."

Kimya. Hata feni inasikika.

Bosi wa namna hii hajajiandaa, amejipamba. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa, kama mtu anayeazima gari la kupigia picha na mtu mwenye kadi ya gari mfukoni. Siku trafiki akisimamisha ndiyo mjini panajulikana nani ni nani.

Wengi hawajui kwamba kamati ya Bunge ikichunguza si mgeni wa kukaribishwa soda na korosho. Ipo Sheria ya Kinga, Madaraka na Haki za Bunge, Sura ya 296, inayoipa nguvu ya kumwita mtu na kumtaka alete nyaraka. Ukidanganya mbele yake umejitafutia kosa la jinai. Na usiseme "mimi ni kampuni binafsi, hawanihusu". Januari 2019 CAG mwenyewe, mkaguzi wa hesabu za nchi nzima, aliitwa mbele ya kamati ya Bunge na akaenda. Sasa wewe mwenye mashine mbili na forklift ya kukodi utagoma kwa lipi?

Historia nayo ipo. Mwaka 2006 Richmond ilipewa mkataba wa kuzalisha umeme wa dharura wa megawati 100. Kamati Teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ilipoingia kazini, haikuhangaika na nani anavaa suti kali. Iliuliza maswali ya kawaida tu: hii kampuni ni ya nani, ina uwezo gani, ilipataje kazi hii? Ripoti ikasomwa Februari 2008, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu pamoja na mawaziri wawili. Maswali ambayo yangejibiwa kwa faili moja lililonyooka yaliangusha serikali nzima.

Wapo pia wanaodhani maandalizi ni bahasha. Hao wakumbuke 2011. Barua ya Wizara ya Nishati na Madini ilizitaka taasisi zake zichange shilingi milioni 50 kila moja ili kufanikisha bajeti kule Dodoma. Barua ikavuja, ikasomwa bungeni mchana kweupe, Bunge likaunda Kamati Teule. Yaani kilichokusudiwa kulainisha mambo ndicho kilicholeta uchunguzi!

Kwa hiyo bosi makini afanye nini?

Kwanza, aanze leo, barua ikiwa haijafika. Usajili wa BRELA, kodi za TRA, cheti cha mazingira cha NEMC, ukaguzi wa OSHA, mikataba ya kazi na NSSF vikae sehemu moja, na awepo mtu mmoja anayejua kila karatasi ilipo. Siyo mpaka apigiwe mhasibu aliyeacha kazi mwaka juzi.

Pili, asiguse kitu barua ikishafika. Kuchana karatasi, kufuta meseji, kusainisha mikataba ya jana kwa tarehe za mwaka jana, huko ni kujichimbia shimo. Njia ya mwongo ni fupi, na vijana ofisini wana simu zenye kamera.

Tatu, penye kosa aseme kosa. "Hapa tulichelewa kupeleka michango ya miezi minne, tumeshalipa miwili, iliyobaki tunamaliza tarehe fulani." Sentensi hiyo inauma, ila inambakiza na heshima. Kujibu "hilo nitalifuatilia, mheshimiwa" mara kumi ndiko kunakomfanya awe stori ya taarifa ya habari saa mbili usiku.

Nne, ahadi ziandikwe. Hapa wa Kisarawe wanaelewa zaidi. Kampuni ya Uingereza, Sun Biofuels, ilipata zaidi ya hekta 8,000 za ardhi za vijiji kule kwa ajili ya kilimo cha mibono ya mafuta. Wanakijiji walisema waliahidiwa huduma kama maji, zahanati na shule. Mwaka 2011 shamba likasimama, mamia wakapoteza kazi, na ardhi haikurudi kirahisi. Leo viwanda vinajengwa Visegese, na mwekezaji mwenye akili asikubali ahadi yake ibaki ya mdomoni. Ikiandikwa inamlinda mwanakijiji, na inamlinda yeye pia siku atakaposingiziwa aliahidi ghorofa.

Kuna watakaosema kamati zenyewe ni kiki, baadhi ya waheshimiwa wanakuja kuuza sura mbele ya kamera. Hilo linawezekana. Lakini hapo ndipo faili linafanya kazi zaidi. Mbunge anayetafuta kiki anahitaji bosi anayebabaika. Akikutana na mtu anayefungua ukurasa husika na kusema "hii hapa, mheshimiwa", kiki inakosa chakula.

Ila wa kuangaliwa zaidi ni wale vibarua hamsini walioambiwa wapumzike. Mmoja wao anaamka saa kumi alfajiri Mlandizi ili awahi kusimama getini, hana mkataba, hana NSSF, na mashine ikimkata kidole anapewa nauli ya bodaboda. Siku kamati inakuja ndiyo siku pekee ambayo mtu mkubwa angemuuliza "unalipwaje?", na siku hiyo hiyo ndiyo anafichwa.

Kampuni iliyojiandaa inajulikana hapo hapo: kamati ikija, kibarua yupo kazini, na akiulizwa hatazami kwanza uso wa bosi.

Wadau wa Kibaha na Kisarawe, kwenu ugeni wa wakubwa ukija mnaambiwaje, fanyeni kazi au kapumzikeni? Tiririkeni hapo chini, majina ya kampuni yabaki kapuni.