Dawa ya akili ifike zahanati

SAFU YA BARAZANI
Na Mwanaidi Shekilindi

Yuko mama mmoja kijijini kwetu ninayemwita shangazi, ingawa hatuna udugu wa damu. Kila baada ya wiki nne humkuta njia panda saa kumi na moja alfajiri akisubiri basi la kwanza na mwanawe. Kijana ana miaka 27. Shangazi amemvalisha shati lililopigwa pasi na amemshika mkono, na anapozungumza na watu hauachii.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Leo siku yetu ya sindano."

Ni sindano moja tu, na kuichoma hakumalizi hata dakika mbili. Ikiingia, kijana hulala usiku, hula, huchunga mbuzi, na zile sauti ambazo hakuna mwingine anayezisikia humpungukia. Ikikosekana, baada ya wiki mbili tatu huanza kutoka usiku na kuondoka. Mwaka juzi alipatikana baada ya siku tisa, miguu imevimba, kata ya tatu kutoka nyumbani. Kwa sindano hiyo shangazi hulipa nauli ya watu wawili kwenda na kurudi hospitali ya wilaya, shilingi 16,000, na shamba halilimwi siku hiyo. Ndani ya basi huomba mambo mawili kimoyomoyo. La kwanza, kijana asishtuke na kuanza kupiga kelele, maana kondakta mmoja alishawahi kuwashusha porini. La pili, wakifika kwenye dirisha la dawa asiambiwe: "Imeisha mama, kanunue nje."

Sasa sikiliza, msomaji wangu. Kutoka mlangoni kwa shangazi hadi zahanati ya kijiji ni mwendo wa dakika 12 kwa miguu. Nimeutembea mwenyewe. Pale kuna nesi ambaye kila siku anachoma sindano: za chanjo kwa watoto, za uzazi wa mpango kwa kina mama. Ya kijana huyu hana.

Tukizungumzia afya ya akili katika nchi yetu, wakubwa husema wataalamu ni wachache. Ni kweli, madaktari bingwa wa akili ni wachache mno. Lakini kijana huyu hahitaji daktari bingwa kila mwezi. Alishamwona, ugonjwa wake ulishajulikana, dawa yake ilishaandikwa. Anachohitaji ni ile dawa kufika pale anapoishi. Kinachomrudisha kwenye ugonjwa ni nauli.

Umbali huu tumeurithi. Hospitali ya Mirembe pale Dodoma ilijengwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1920, na fikra ya enzi ile ilikuwa kumwondoa mgonjwa mbele ya macho ya watu. Kabla yake, huku kwetu Usambara, kulikuwa na Lutindi. Wamisionari wa Kijerumani walianza pale mwaka 1896 na makao ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani, kisha mahali pakageuka kuwa pa kuwatunzia wagonjwa wa akili. Lutindi iko juu mlimani, na kupanda kwake si mchezo hata kwa mtu mwenye afya. Sisemi hospitali hizi hazikufanya kazi njema. Zimeokoa wengi na zinaendelea kuokoa. Nasema zilitufundisha kwamba mwenye ugonjwa wa akili anapelekwa, anaenda huko. Jina la Mirembe likawa tusi la watoto shuleni. Nililitamka na mimi nikiwa darasa la nne, nikimwelekezea mwenzetu aliyekuwa akianguka kifafa, na mpaka leo namkumbuka alivyoinamisha kichwa.

Na hapa pana jambo linaloniumiza zaidi, kwa sababu linaonyesha kwamba njia tuliijua. Katika miaka ya 1980 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa afya ya akili kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark. Ulianza kwa majaribio mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro. Wahudumu wa vituo vya afya na zahanati walifundishwa kumtambua mgonjwa wa akili na wa kifafa, kumpa dawa za msingi na kumfuatilia akiwa kwao, huku wale walioshindikana wakipelekwa juu. Fikra ilikuwa sahihi kabisa, na tuliijaribu hapa kwetu miaka mingi kabla haijawa mtindo wa kuzungumzwa kwenye mikutano ya dunia. Ikabaki bila mizizi ya kutosha.

Kifafa chenyewe ni ushahidi kwamba dawa ikiwa karibu inasaidia. Mahenge, kule Ulanga, mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alifungua kliniki ya kifafa kati ya watu waliokuwa wakiishi kwa aibu na hofu. Walikuwa wakikaa na kulishwa peke yao, maana watu waliamini povu la mgonjwa linaambukiza. Wengi walikuwa na makovu ya moto kwa kuangukia mafiga. Dawa aliyoitumia ilikuwa fenobabitoni, kidonge cha bei rahisi kilichokuwapo duniani tangu mwaka 1912. Dawa ilipopatikana karibu, bila kukatika, watu waliodhaniwa wamelaaniwa walirudi kulima. Na hata leo zipo zahanati ambazo kidonge hicho huonekana mwezi huu na kutoweka mwezi ujao. Mgonjwa wa kifafa akikatishiwa dawa ghafla anaweza kuanguka vibaya kuliko hata kabla hajaanza kutibiwa.

Mtu ataniambia, "Mwanaidi, dawa za akili ni ngumu, zahanati zetu hazina uwezo." Nitamjibu kwa jambo ambalo kila nyumba nchini inalijua. Mwaka 2004 taifa lilipoanza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi, zilianzia hospitali chache. Wagonjwa walisafiri, walijificha, walijitambulisha kwa majina ya uongo. Leo dawa zile zinapatikana hadi kwenye zahanati nyingi, na aliyetulia kwenye matibabu hupewa za miezi mitatu, hata sita, akaendelea na maisha yake. Kuna daftari, kuna wa kumpigia simu asiyefika, kuna mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayejua njia ya kwenda kwake. Tulifundisha manesi wetu kazi iliyodhaniwa ni ya mabingwa peke yao, na waliiweza. Kwa nini kijana wa shangazi asiwe na daftari kama hilo?

Nimezungumza sana juu ya huyu kijana kwa sababu namwona. Wapo ambao hatuwaoni.

Nenda kliniki ya mama na mtoto asubuhi yoyote. Mtoto anatundikwa kwenye mzani, nukta inawekwa kwenye kadi, mama anaambiwa uzito umepanda au umeshuka. Mwezi uliopita nilikaa kwenye benchi mle ndani na mdogo wangu mwenye mtoto wa miezi miwili. Pembeni yetu alikuwepo binti mmoja, mtoto mapajani, maziwa yamelowesha gauni, macho yako ukutani. Mtoto akalia, hakugeuka. Mdogo wangu ndiye aliyemchukua na kumbembeleza. Zamu ya yule binti ilipofika, mtoto alipimwa, akachanjwa, kadi ikarudishwa. Nesi alikuwa mpole, sina ugomvi naye. Foleni ilikuwa ya watu arobaini. Lakini hapakuwa na mahali popote kwenye kadi ile panapouliza: Mama unalala? Unakula? Umewahi kuona heri usiwepo? Sonona baada ya kujifungua ni ugonjwa, unatibika, na mwenye nao huja mwenyewe kliniki kila mwezi kwa miguu yake. Maswali matatu hayahitaji mashine.

Bibi wa miaka 75 anayesahau jina la mjukuu, anayetoka nje usiku wa manane bila nguo akiutafuta mji aliozaliwa, huyo naye ni mgonjwa, ubongo umechoka. Katika nchi yetu bibi kama huyo anaweza kuitwa mchawi, na wako vikongwe waliouawa kwa neno hilo. Laiti mhudumu wa afya angefika mapema na kuwaambia wanawe, "Huu ni ugonjwa wa uzee, una jina lake," pengine maneno hayo peke yake yangemwokoa.

Na vijana wetu. Shirika la Afya Duniani linasema mmoja kati ya kila saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Hesabu mwenyewe darasa lenye watoto 70. Mwalimu wa ushauri nasaha yupo shuleni, lakini mara nyingi ni yule yule anayefundisha vipindi vyote na kusimamia nidhamu, tena fimbo iko mezani. Mtoto atamwambia nini? Upande wa dawa za kulevya tumethubutu: kliniki ya methadoni ilianza Muhimbili mwaka 2011, na vijana walioitwa mateja wakarudi kwa mama zao. Nao walianza kwa kupanda daladala kila siku kwenda kunywa dawa, na wengi waliokata tamaa walikatishwa na nauli hiyo hiyo ninayoizungumzia.

Wengi wetu hatusemi "nina sonona". Tunasema nina mawazo, moyo unanienda mbio, mwili hauna nguvu, kichwa kinawaka. Zimbabwe wana neno lao, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza Harare na bibi 14 waliofundishwa kumsikiliza mtu kwenye benchi la mbao nje ya kliniki, kumsaidia kuyachambua matatizo yake moja moja na kupanga hatua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nikisoma habari ile nilifikiria baraza za nyumba zetu Tanga, na wale kina bibi ambao mji mzima huwapelekea siri. Watu tunao. Wafundishwe, na wapewe posho, kwa sababu kusikiliza machungu ya watu kutwa nzima ni kazi.

Siwezi kupita bila kuitaja sheria. Kanuni ya Adhabu yetu bado inasema anayejaribu kujiua ametenda kosa. Kwa hiyo mtu akiokolewa na kufikishwa hospitali, ndugu humwambia nesi ni ajali, kwa kuogopa polisi. Nesi anatibu mwili, mgonjwa anarudi nyumbani na lile lile lililomfikisha pale. Kenya walikuwa na kifungu kama hiki, na Januari 2025 Mahakama Kuu yao ilikitangaza kuwa kinyume cha katiba. Bunge letu lisisubiri mahakama. Na wewe unayesoma haya huku moyo umekuelemea, nakuomba usikae peke yako usiku wa leo. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, kisha nenda naye kituo cha afya. Hujakosa kitu kwa kuumwa.

Kuhusu waganga na watumishi wa Mungu nina machache. Familia nyingi huanzia huko. Shangazi mwenyewe alianzia kwenye kombe na akaenda kwenye ngoma kabla hajafika hospitali, na sitamlaumu, maana ndiko kulikokuwa karibu na ndiko alikopokelewa bila kuulizwa maswali ya aibu. Maombi yanampa nguvu hadi leo. Minyororo, hapana. Kijana yule ana alama ya pingu kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, na mtu anayemfunga binadamu kwenye nguzo kwa miezi akiita hiyo tiba afikishwe mbele ya sheria, awe mganga au awe mchungaji.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote tunayo tangu mwaka 2023, na sera ya nchi inamhesabu mgonjwa wa akili miongoni mwa wanaosamehewa gharama katika vituo vya umma. Lakini msamaha kwa dawa isiyokuwepo dirishani haumsaidii mtu, na kadi ya bima hailipi nauli ya basi. Halmashauri ndizo zinazopanga mahitaji ya dawa za zahanati zao na kuyapeleka Bohari ya Dawa. Mganga mfawidhi asipoandika dawa za kifafa na za akili, kwa sababu daftari lake halina wagonjwa hao, hazitakuja. Na daftari halina wagonjwa kwa sababu wote wako kwenye basi kuelekea wilayani.

Mwaka mpya wa fedha huanza Julai mosi, na mipango ya halmashauri huandaliwa miezi kadhaa kabla ya hapo. Basi nakuomba, msomaji, ukipita zahanati ya kwenu wiki hii ingia, uliza kwa adabu: dawa za kifafa zipo? Za ugonjwa wa akili je? Ukiambiwa hazipo, uliza kama ziliagizwa. Jibu utakalopewa mpelekee diwani wako, na siku ya mkutano wa kijiji simama ulirudie mbele ya watu.