Tuzitazame Mara ya Pili

Vijana wetu wa Garsen, Minjila na vijiji vya Delta ya Tana wana ubishi ambao sisi wakubwa tumeudharau bure. Wanabishana kama anime za siku hizi, hizi katuni za Kijapani, zinastahimili kurudiwa kama zile za zamani. Mmoja husema Naruto ameitazama hadi anayajua maneno kabla hayajatamkwa, lakini hizi mpya akimaliza anafuta kwenye simu, wala hazikumbuki tena. Mwenzake humjibu kwamba kosa ni la mtazamaji. Mimi nauona ubishi huu kuwa mzito kuliko wengi wanavyodhani. Unauliza ni kitu gani kinachoifanya hadithi irudiwe, na watu wa Mto Tana walilijua jibu kabla ya televisheni kuwepo.

Chukueni habari za Fumo Liyongo. Jina lake limefungamana na Kipini na Ozi, huko mto unakomwagikia baharini. Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliziandika kwa utenzi mwaka 1913, nazo zilikuwa zimekwisha kusimuliwa kwa vizazi vingi. Kila anayeketi kusikiliza anajua kwamba Liyongo atakufa, tena atauawa na mwanawe wa kumzaa, kwa sindano ya shaba kitovuni. Hakuna siri iliyobaki. Mbona basi watu husikiliza? Mtoto anaposikia mara ya kwanza hutaka kujua tu kama shujaa atatoka kifungoni. Akisikia tena huanza kuutazama ule mkate wa wishwa. Mama mtu anaoka mikate mizuri, kisha anaficha tupa ndani ya mkate wa makapi, akijua kuwa walinzi wataila ile mizuri na kumwachia mfungwa ule duni. Dharau yao ndiyo inayomfungua Liyongo. Na siku msikilizaji huyo atakapokuwa mtu mzima mwenye watoto, moyo wake utamwendea yule mwana aliyerubuniwa kwa ahadi ya ndoa ya kifalme akamuua babaye. Hadithi ni ileile. Aliyekua ni msikilizaji, na hadithi ilikuwa na nafasi ya kumpokea kila aliporudi.

Hicho ndicho kipimo ninachokishika. Kazi inayoishi kwa mshangao peke yake hufa siku mshangao unapokwisha. Kazi yenye watu ndani yake hairudiwi ili tujue kilichotokea. Hurudiwa kwa sababu tukishajua kilichotokea ndipo tunapoanza kuwaona wale watu.

Naruto inashinda kwa kipimo hiki. Ilianza kuonyeshwa Japani mwaka 2002, ikafika sehemu 220 mwaka 2007, kisha Shippuden ikaendelea kwa sehemu 500 hadi 2017. Mtazameni Itachi. Anapotokea mara ya kwanza ni muuaji aliyeangamiza ukoo wake mwenyewe, nasi tunamchukia pamoja na mdogo wake Sasuke. Muda mrefu baadaye ndipo tunapoambiwa kwa nini alifanya vile na kwa nini alimwacha mdogo wake hai. Ukizirudia zile sehemu za mwanzo ukiwa na habari hiyo, kila neno la Itachi limebadilika uzito, na yale macho makavu unayaona ni ya kaka anayejilazimisha kuchukiwa.

Lakini tusidanganyane. Katika sehemu 220 hizo, karibu 80 za mwisho ni za kujazia. Katuni ilionyeshwa kila wiki mwaka mzima, ikaukaribia mno mwendo wa vitabu vya Masashi Kishimoto, basi watengenezaji wakatunga visa vya pembeni ili mwenye hadithi apate kutangulia. Ni nani kati yenu anayezirudia hizo? Mnaziruka. Basi anayesema kwamba Naruto haichoshi kurudiwa anaisema ile Naruto aliyojichagulia mwenyewe, baada ya kuondoa mapumba.

Na hapo ndipo wanaosifu zamani wanapokosea. Katuni ya Astro Boy ya Osamu Tezuka ilianza kuonyeshwa kwenye televisheni ya Japani mwaka 1963, mwaka uleule Kenya ilipopata uhuru na kuchukua lahani ya wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza watoto iwe wimbo wa taifa. Tangu hapo zimetengenezwa katuni nyingi mno, na zilizo nyingi hakuna anayezitaja hapa, wala huko kwao hazitajwi sana. Zilizobaki vinywani ni zile zilizopita kwenye chujio la miaka. Si haki kuchukua bora za miaka sitini mkazipambanisha na kila kitu kilichotoka msimu huu, kibaya na kizuri pamoja. (Na huo wimbo wa Wapokomo, tukiwa tumeutaja, tumeuimba shuleni na viwanjani tangu wakati huo na hatujauchoka. Kuna mama waliokwisha kuupima kwa watoto wao usiku baada ya usiku.)

Tena, zamani kurudia hakukuwa hiari. Banda la video lilikuwa na kanda chache, na mvua za El Niño za 1997 zilipoikata barabara hakikupita kipya chochote. Mlitazama kilichopo. Wengine wakajifunza kupenda kwa njia hiyo, na si njia mbaya. Hata leo filamu aliyoisimulia DJ Afro hurudiwa na watu wanaojua kila pigo litakapotua, kwa kuwa wanaifuata sauti na utani wake. Sasa kijana ana simu na bando, na kila miezi mitatu Japani inatoa shehena mpya, nyingi zikiwa na sehemu 12 au 13 kwa msimu. Anatazama kwa haraka ili asipitwe na mazungumzo ya wenzake. Atairudia saa ngapi? Katuni anayoilaumu kuwa haishiki hakuipa hata usiku mmoja wa kushika.

Hata hivyo sitaziacha mpya zipite bila kupimwa. Demon Slayer ya 2019 ina michoro inayostaajabisha, na yale mawimbi yanayoufuata upanga wa shujaa wake Tanjiro ni kazi ya mikono iliyobarikiwa. Lakini mara nyingi mapigano husimama ili mhusika atueleze kile tunachokiona kwa macho yetu. Mara ya kwanza unavumilia, mara ya pili unachoka. Attack on Titan, iliyoanza 2013 na kumalizika 2023, ni kinyume chake. Imejaa siri, ningetarajia ife siri zilipofichuka, lakini haikufa. Mwanzoni kabisa mhusika mkuu Eren anaamka chini ya mti akilia, naye hajui analilia nini. Aliyefika mwisho akirudi pale, atajua. (Ina damu nyingi, wazazi. Si ya watoto wadogo.)

Kisha kuna Frieren iliyoanza mwaka 2023, msimu wake wa kwanza ukiwa na sehemu 28, ambayo kwangu inamaliza ubishi. Frieren ni wa jamii inayoishi zaidi ya miaka elfu. Alisafiri miaka kumi na shujaa Himmel na wenzao, akaiona miaka hiyo kama kupepesa jicho. Himmel anazeeka na kufa katika sehemu ya kwanza kabisa. Frieren analia kaburini kwa sababu hakujishughulisha kumjua mtu yule alipokuwa hai, kisha anaifuata tena njia ileile waliyopita pamoja. Kila kijiji kinamrudishia neno au tendo la Himmel ambalo wakati ule alilipuuza. Hakuna mbio humo. Nusu ya uzuri wake imo katika ukimya ambao mtazamaji mwenye haraka huupeleka mbele kwa kidole. Kazi mpya yenye nafasi kiasi hiki itarudiwa miaka thelathini ijayo, na wajukuu wenu wataiita ya zamani.

Kwa hiyo nasema wazi: anime mpya zinastahimili, zile zilizojengwa juu ya watu. Zilizojengwa juu ya mshangao na mapigano zitasahaulika, kama zilivyosahaulika dada zao za zamani. Nanyi wazazi wenzangu, acheni kuwaambia watoto kwamba hivi ni vitu vya kipuuzi. Aketipo mtoto kutazama kwa mara ya pili, keti naye umuulize ameona nini ambacho mara ya kwanza hakukiona. Anajifunza usikivu uleule uliowafanya babu zetu waijue habari ya Liyongo kwa moyo.

Nanyi vijana, nawasihi jambo moja. Kabla hujaifuta Frieren ili upate nafasi ya msimu mpya, itazame tena polepole pamoja na mdogo wako, na pale asipoyafuata maandishi ya tafsiri yaliyo chini ya picha, msimulie kwa Kipokomo, kwa Kiorma au kwa Kiswahili.