Kwa nini daktari hadumu Isiolo?

Kwa miaka mingi, mtumishi wa serikali aliyepata barua ya kuhamia Isiolo alipewa pole. Wenzake walimwuliza amemkosea nani. Dhana hiyo, tuliyoirithi tangu enzi ya ukoloni, haijatutoka.

Tangu 2013, huduma za afya zilipogatuliwa kwa mujibu wa katiba ya 2010, madaktari na wauguzi wengi wa umma ni waajiriwa wa kaunti. Jambo hilo lina heri yake: Isiolo, yenye kilomita mraba zaidi ya 25,000 na wakazi 268,002 kwa hesabu ya 2019, yaweza kujichagulia matabibu. Lakini lilifunga mlango pia. Zamani daktari alivumilia akijua uhamisho uko njiani. Leo kuhamia kaunti nyingine ni taabu, na aliyechoka hujiuzulu.

Mshahara nao sidharau. Katika mgomo wa siku 100 uliokwisha Machi 2017, na ule wa siku 56 wa 2024, madaktari walidai itekelezwe mikataba iliyokwisha kutiwa sahihi. Twamhubiria mwuguzi wito. Nani amemhubiria mwajiri ahadi?

Niruhusiwe kuingiza la taaluma yangu. Mwuguzi ni jina litokanalo na kuuguza, yaani kukaa na anayeugua. Isiolo husikika Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kisamburu na Kimeru. Mama wa Merti asiyejua Kiswahili hueleza maradhi yake kupitia kwa mwanawe, na yapo maungo ambayo mtoto hayataji mbele ya mamake. Mwuguzi aliyedumu miaka sita hamhitaji mkalimani huyo. Amekwisha jifunza maneno ya uchungu, hata yale yasemwayo kwa kuzunguka. Akiondoka, nafasi yake hujazwa kwa tangazo la gazeti. Masikio yake hayajazwi.

Wapo wasemao dawa ni kuajiri wenyeji. Ni rai nzuri, ila mapatano ya 2021 yaliyowafungulia wauguzi wa Kenya njia ya Uingereza hayaulizi mtu amezaliwa Garbatulla au Murang'a. Marupurupu ya mazingira magumu nayo hufuata cheo na mahali, wala hayahesabu miaka: aliyewasili jana na aliyekaa kumi, cheo kikiwa kimoja, wote sawa.

Kaunti ingeanza na dogo: likizo ya masomo kwa aliyetimiza miaka mitano, iandikwe katika barua ya kwanza ya kazi, na tarehe yake itajwe.