Kosa Lisilostahili Kuchekwa



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo limenikaa moyoni tangu muhula uliopita. Jambo lenyewe ni Kiingereza chetu, na hasa zile sentensi za kueleza ni mtu yupi au ni kitu kipi tunachokitaja.

Mwenzetu mmoja, mtoto wa mkata mkonge wa upande huu wa Pongwe, aliambiwa na mwalimu asimame aeleze aliyoyafanya siku ya Jumamosi. Akasimama, akasema, "The man who I met him at the market gave me the bag which I carried it." Darasa zima likaangua kicheko. Nami nilicheka. Usiku, saa ya kujisomea, alinijia akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ndugu yangu, kosa liko wapi?" Nikafungua kinywa nimweleze, nikaona sina la kumweleza. Masikio yangu yaliyakataa maneno yale, lakini sababu sikuijua. Basi nilikuwa nimecheka kitu nisichokielewa, na kwa muda wote uliobaki wa muhula mwenzetu hakuinua mkono tena.

Wasomaji wapenzi, tangu siku ile nimelichunguza kosa hilo, na leo nataka kusema wazi kwamba halitokani na ujinga hata kidogo. Linatokana na Kiswahili safi. Hebu tuitazame sentensi yake kwa lugha yetu: "Mtu niliyekutana naye sokoni alinipa mfuko nilioubeba." Katika "niliyekutana naye", hatuwezi kuliacha lile "naye". Tukisema "mtu niliyekutana sokoni", mzee yeyote wa hapa atatuuliza, "Umekutana na nani?" Katika "nilioubeba" mna "o" inayorejea kwenye mfuko, na "u" ambayo ni mfuko ule ule. Vivyo hivyo husemwa "mtu niliyemwona". Hakuna anayesema "mtu niliyeona" kwa maana hiyo. Kwa hiyo mwenzetu alipotia "him" na "it", alifuata adabu ya lugha aliyoizoea tangu utotoni. Alikosea kwa sababu Kiingereza kina adabu nyingine.

Adabu hiyo si ngumu mtu akionyeshwa. Katika Kiingereza, "who" na "which" ni kama abiria aliyekwisha kalia kiti. Chukua sentensi fupi, "I met him". Ukitaka kuiunga na "the man", lile "him" huinuka mahali pake, huenda mbele, na huko hugeuka kuwa "who", au "whom" kwa wanaopenda kuandika kwa uangalifu zaidi. Likiisha kwenda mbele, haliwezi kubaki nyuma pia. Kiti kimoja hakikaliwi na wawili. Basi husemwa "the man who I met" na "the bag which I carried", na sentensi inakomea hapo.

Kosa la pili ni kinyume cha la kwanza. Huku tunaongeza neno, na kule tunapunguza. Wengi wetu huandika "the house which I live", au "the bus which I waited", au "the news which I listened". Sababu ni ile ile. Kiswahili husema "nyumba ninamokaa", na ule undani wa nyumba umo katika "mo". Husema "basi nililolisubiri" na "habari nilizozisikiliza", na kitenzi kimejibeba chenyewe bila msaidizi. Vitenzi vya Kiingereza kama "live", "wait" na "listen" vina wenzi wao: "live in", "wait for", "listen to". Sentensi ikigeuzwa, mwenzi haachwi njiani: "the house which I live in", "the bus which I waited for", "the news which I listened to". Yafaa mwanafunzi akiandika kitenzi cha namna hiyo katika daftari lake, akiandike pamoja na mwenzi wake siku ile ile. Lakini asimpe mwenzi asiyemtaka: "discuss" haitaki "about", nasi twaandika kila siku "the matter which we discussed about".

La tatu ni umoja na wingi. Sisi huonyesha wingi mwanzoni mwa neno: "msichana anayeimba", "wasichana wanaoimba". Mwingereza huuonyesha mkiani, na tena "s" ya kitenzi huja kwa mmoja, ilhali "s" ya jina huja kwa wengi. Hapo ndipo tunapochanganyikiwa, tukaandika "the girls who sings". Dawa yake ni kukumbuka kwamba "who" yenyewe haina umoja wala wingi. Geuka nyuma umtazame bwana wake. Ikiwa bwana wake ni "the girl", andika "sings"; ikiwa ni "the girls", andika "sing".

Sasa nafika kwenye shabaha yangu. Haya yote nimeyaeleza kwa Kiswahili, nami naamini kwamba hata mwanafunzi aliyeingia Kidato cha Kwanza mwaka huu ameyaelewa. Mimi na wengi wa wenzangu tulisoma miaka 7 katika shule za msingi za serikali, na masomo yetu yalikuwa kwa Kiswahili. Tulipoingia sekondari, hesabu, jiografia na baiolojia vilituijia kwa Kiingereza, na mitihani vilevile. Asiyejua kuunga sentensi kwa "which" hapotezi alama za Kiingereza tu. Anaweza kuijua kazi ya ini na moyo, akashindwa kuieleza. Basi hili si jambo la kupamba maneno, ni jambo la mtu kufaulu au kurudi nyumbani.

Najua wako watakaonipinga. Watasema, "Anayetaka kuogelea sharti aingie majini, katika somo la Kiingereza kisisikike ila Kiingereza." Nami nakubali kwamba lugha haipatikani bila kusemwa, tena kwa wingi. Lakini mvuvi anapomfundisha mwanawe kuogelea, humwonyesha kwanza penye kina na penye mwamba, na humwonyesha kwa lugha anayoielewa mtoto. Dakika tano za Kiswahili ubaoni hazitauua Kiingereza cha saa nzima.

Tena tukumbuke wageni waliokuja kujifunza lugha yetu walifanyaje. Steere alitoa kitabu chake cha Kiswahili mwaka 1870, na Bibi Ashton akatoa chake mwaka 1944. Wote wawili waliwaeleza wenzao Kiswahili kwa Kiingereza, nao walizieleza hizo "ye", "cho" na "mo" zetu kwa kuzilinganisha na "who" na "which" zao. Hawakuona haya kuifanya lugha yao ngazi ya kupandia kwenye yetu. Kwa nini sisi tuone haya kuifanya yetu ngazi ya kupandia kwenye yao? Na tuone haya sisi wa Tanga, tuliozaliwa nchi moja na Shaaban Robert?

Kulinganisha huko kutatufaa hata katika Kiswahili chenyewe. Siku hizi twaandika "kitabu ambacho nilikinunua" na "mtu ambaye anakuja", kama kwamba tunafasiri "which" na "who" neno kwa neno, na kumbe "nilichokinunua" na "anayekuja" zatosha. Sisemi kwamba "amba" ni mbaya. Ina kazi yake: husemwa "mgeni ambaye amefika", na husemwa "mgeni ambaye hakufika" tunapotaka wakati ujulikane, maana "asiyefika" haisemi ni lini. Kila neno na mahali pake.

Kwa hiyo nawasihi wanafunzi wenzangu: mwenzenu akikosea, msicheke kabla hamjaweza kumweleza kosa. Nawaomba walimu wetu, kwa heshima, waandike ubaoni sentensi mbili mbili, ya Kiswahili na ya Kiingereza, ili tuone zinapoachana. Na wazazi wetu nawaomba wasimwite mtoto mjinga kwa kuwa Kiingereza chake kinakwama. Huenda kinakwama kwa sababu Kiswahili mlichompa ni kizuri.

Yule mwenzetu nilimweleza habari ya kiti na abiria jioni moja chini ya mwembe. Wiki mbili baadaye aliinua mkono darasani, mara yake ya kwanza muhula huu, akasimama, akanitazama mimi, akasema polepole, "The book which you lent me is lost." Kitabu changu kilikuwa kimepotea kweli, nami sikujua nikasirike au nifurahi. Lakini "it" haikuwamo, na darasa halikucheka.

Nami nakomea hapa.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu,
Pongwe.