Reli za klampu au za kuchomelea? Swali la viwanda linalowagusa mafundi wa Majengo

Kila kaunti nchini imeahidiwa eneo la kukusanyia mazao ya wakulima na kuyasindika. Mpango huo, ulioanza kutekelezwa mwaka wa 2023, ulikadiriwa kugharimu Sh500 milioni kwa kila kaunti, nusu ikitoka serikali kuu na nusu kwa kaunti yenyewe. Mazungumzo mengi kuuhusu ni ya bei ya mazao na idadi ya ajira.

Lakini ndani ya kila ghala na kila kiwanda mna kitu kisichotajwa jukwaani, nacho ndicho huamua kama kibarua atarudi kwake jioni akiwa mzima. Nazungumzia reli za kushikia, vile vyuma vya pembeni mwa ngazi na majukwaa ya juu vinavyomzuia mtu asianguke. Je, zichomelewe, au mabomba yaunganishwe kwa klampu na skurubu?

Swali hili lina uzito Meru na Embu, na hasa katika mitaa ya Majengo. Mswahili hukutana na jina hilo Mombasa, Nairobi, Nyeri, Meru na Embu. Ni mitaa iliyokua pamoja na miji ya bara, na wengi wetu hapa Pwani tuna jamaa huko. Mitaa ya namna hiyo ndiyo makao ya fundi wa jua kali, mwenye mashine ya kuchomelea, grainda na rundo la mabomba mlangoni. Leo atengeneza geti, kesho dirisha. Kiwanda kikija, yeye ndiye wa kwanza kutarajia kibarua cha reli. Mkandarasi akija na masanduku ya klampu, fundi huyo huona riziki yake imepitwa.

Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, si sababu ya kuchagua reli moja na kuikataa nyingine. Tuzipime zote mbili.

Reli ya klampu hutumia mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, yanayokatwa kwa urefu unaotakiwa na kuingizwa katika viungo vya chuma. Kila kiungo kina skurubu ya kukaza kwa spana ndogo. Viungo vya aina hii vilianza Uingereza miaka ya 1930, kwenye mazizi ya ng'ombe wa maziwa, kisha vikaingia viwandani. Haihitaji umeme wala moto. Bomba likipinda kwa kugongwa na toroli, waondoa kipande kimoja na kurudisha kingine siku hiyo hiyo. Jukwaa likihamishwa, reli nayo yahama.

Faida yake kubwa huonekana katika kiwanda ambacho tayari kinafanya kazi. Chukua viwanda vya majani chai, kama Mungania na Rukuriri upande wa Embu, au Imenti, Kinoro na Githongo upande wa Meru. Chai ikikaushwa hutoa vumbi laini linaloweza kushika moto. Vinu vya kahawa vina maganda makavu, na maghala yana magunia. Cheche ya kuchomelea au ya grainda huruka mbali. Kanuni za Marekani hutaka vitu vinavyoshika moto viondolewe umbali wa takriban mita 11 kutoka mahali pa kazi hiyo, au vifunikwe. Katika kiwanda kilichojaa mazao, mita 11 ni vigumu kuzipata. Ama usimamishe kazi, ama uhatarishe jengo. Mahali kama hapo, klampu ina hoja nzito.

Kuna pia pumzi ya fundi mwenyewe. Bomba lililopakwa zinki likichomelewa, ile zinki hugeuka moshi mweupe, kwani huchemka kwenye nyuzi 907 ilhali joto la kuchomelea hupita hapo mbali. Anayevuta moshi huo huweza kushikwa usiku na homa, baridi na maumivu ya mwili. Mafundi wengi hunywa maziwa wakiamini ni kinga. Maziwa hayazuii kitu kilichokwisha kuingia mapafuni. Kinga ni hewa ya kutosha, barakoa inayofaa, na kuondoa zinki mahali pa kiungo kabla ya kuwasha mashine.

Sasa tugeukie upande wa pili. Kilichokazwa kwa spana hufunguliwa kwa spana. Bwawa la Kiambere liko kwenye mto Tana, mpakani mwa Embu na Kitui. Januari 11, 2022, minara ya laini ya umeme itokayo Kiambere kwenda Embakasi ilianguka na nchi nzima ikaingia gizani. Lawama iliangukia wezi wa vyuma, na siku tisa baadaye Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa muda. Kama mnara mzima waweza kupunguzwa kipande kwa kipande hadi ukadondoka, sembuse reli ya ngazi ya nje iliyo gizani nyuma ya ghala?

Kisha kuna mtikiso. Mashine zikitetemeka mchana na usiku, skurubu isiyokaguliwa hulegea. Aliyeegemea reli iliyolegea ana hatari kuliko asiye na reli kabisa, kwa sababu ameiamini. Na kosa moja huanzia dukani. Klampu hizi zimekusudiwa bomba zito, mfano lile la kipenyo cha milimita 48.3 na unene wa milimita 3.2. Anayetaka kubana matumizi hununua bomba jembamba la kutengenezea viti. Skurubu ikikazwa, bomba hubonyea badala ya kushika. Kwa macho utadhani kazi ni safi, lakini rahisi ni ghali.

Reli ya kuchomelea haina skurubu ya kulegea wala ya kuibwa. Ikichomelewa vizuri, kiungo huwa sehemu ya bomba lenyewe. Kwa ngazi ya kudumu, kwa njia ya watu wengi, na kwa mahali ambapo hakuna mtu wa kukagua mara kwa mara, ndiyo yenye kutegemewa. Adui yake ni kutu. Kila mahali moto ulipopita, zinki imekwenda, na hapo ndipo kutu huanza. Wa Pwani hahitaji kufunzwa hili: chumvi ya bahari humaliza geti jipya huku mwenyewe akiangalia. Bara hakuna chumvi, ila kiwanda cha chai kilicho kwenye miteremko ya Mlima Kenya kina unyevu wa ukungu nje na mvuke ndani.

Dawa ipo, nayo ni utaratibu tu. Chomelea reli vipande vipande karakanani, kisha vipande hivyo vizamishwe katika zinki ya moto baada ya kuchomelewa, si kabla. Fundi lazima atoboe matundu ya kutolea hewa, kwa sababu bomba lililozibwa pande zote huweza kupasuka likiingia katika zinki yenye joto la nyuzi 450 hivi. Vipande vikifika kiwandani hufungwa kwa bolti chini. Moto umebaki karakanani, na vumbi la chai limebaki salama.

Kwa hivyo, jibu lategemea mahali. Kiwanda kinachoendelea na kazi, chenye vumbi au mafuta, au jukwaa litakalohamishwa: klampu. Ngazi ya kudumu, ya nje, yenye watu wengi au yenye wezi karibu: kuchomelea, tena karakanani. Na popote pale, reli yoyote ina thamani ya ukaguzi wake. Chunguza kwanza mguu wa nguzo, pale maji yanapotuama, kabla ya kuisifu rangi ya juu.

Sheria haituachi gizani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwenye kiwanda aweke reli imara kwenye ngazi, ahakikishe njia salama ya kufikia kila mahali pa kazi, na afanye ukaguzi wa usalama angalau mara moja kila miezi 12. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka huo huo yampa mfanyakazi aliyepata ulemavu wa kudumu haki ya fidia inayokokotolewa kwa mapato ya miezi 96. Mwenye kiwanda anayeona reli ni ghali na apige hesabu hiyo. Kibarua wa siku naye ajue kwamba kutokuwa na barua ya kazi hakumfanyi mwili wake kuwa wa bei ndogo.

Kaunti ndizo zinazoandika zabuni, na hapo ndipo penye mkono wa kubadilisha mambo. Zabuni isiseme tu "reli za chuma". Itaje kimo, nafasi na unene. Kiwango cha kimataifa cha ISO 14122, kinachohusu njia za kufikia mashine, hutaka reli isiwe chini ya milimita 1,100, pengo kati ya bomba na bomba lisizidi milimita 500, na chini pawe na kizuizi cha milimita 100 ili spana isimdondokee aliye chini. Itaje pia nani atakagua, lini, na ataandika wapi.

Tena zabuni itenge kazi kwa mafundi wa mtaani. Klampu haijifungi yenyewe. Lazima awepo wa kupima, kukata, kusimamisha wima na kukaza, na fundi wa geti ayajua hayo tayari. Anachokosa mara nyingi ni karatasi. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutoa mitihani ya ufundi kwa madaraja, hata kwa aliyejifunza kazi chini ya mti. Kaunti ya Meru au Embu ikiwalipia mafundi wa Majengo ada ya mtihani huo, itakuwa imefanya la maana kuliko hotuba kumi za ajira. Mombasa, Kwale na Kilifi nazo zaweza kufanya vivyo hivyo, maana hapa Pwani reli hukabiliana na chumvi juu ya yote hayo.

Tusiwagombanishe fundi wa kuchomelea na muuza klampu. Tuwaulize wenye viwanda na wenye kuandika zabuni: mara ya mwisho mtu kuishika reli hiyo na kuitikisa kwa nguvu ilikuwa lini, na aliandika alichokiona?