Wito: Mzee wa Kamera na Fundi Simu Wakae Meza Moja

Wazee wetu mliopiga picha Mbinga mjini, Liuli, Lituhi na Mbamba Bay enzi za mkanda, nina ombi kwenu: zitoeni kamera zenu sandukuni kabla ya mvua za mwisho wa mwaka.

Adui ni kuvu. Lenzi iliyofungiwa ndani ya mkoba wake wa ngozi, chini ya vitenge na vyeti vya ubatizo, haipati hewa. Ngozi hunyonya unyevu na kuutunza, vumbi na mafuta ya vidole huwa chakula, na kuvu hutandaza nyuzi zake nyeupe kati ya kioo na kioo mfano wa utando wa buibui. Kwetu unyevu haukosekani. Umatengoni ukungu hulala mabondeni. Kando ya Ziwa Nyasa joto huja na mvuke. Na anayeshuka zile kilomita 66 hivi za lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay asubuhi ya baridi, akifungua mkoba ufukweni huona kioo kikitoa jasho. Kuvu hutoa asidi. Asidi hiyo hula ule upako mwembamba uliopakwa juu ya kioo, kisha huanza kioo chenyewe. Lenzi ikiwahiwa, hupona kabisa. Ikichelewa, kuvu litafutika lakini makovu yatabaki.

Sasa nanyi vijana wa vibanda vya simu, sikilizeni. Kazi hii ni yenu kuliko mnavyodhani. Bisibisi ndogo mnazo, kibano mnacho, taa na kioo cha kukuzia mnavyo, na isopropili mnayofutia bodi iliyoingia maji ndiyo hiyo hiyo inayofuta lenzi. Mnachokosa ni mtu wa kuwaambia lenzi nzima inapaswa kuzungukaje mkononi, na mtu huyo yuko hai, anaishi mtaani kwenu, na pengine ndiye aliyepiga picha ya kipaimara cha mama yako.

Anzeni na lenzi nyepesi kufungua. Mwenye Zenit ya Kirusi yenye Helios ya milimita 58 ana mwalimu mzuri: vioo sita tu, katika mafungu manne. Pete ya mbele yenye maandishi mara nyingi haina skrubu. Ikandamize kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, uzungushe. Pete zenye vijishimo viwili zinataka spana ya ncha mbili, na fundi vyuma yeyote anaweza kuichonga. Tafadhali msitumie mkasi. Ukiteleza mara moja tu, umekwangua kioo ambacho kuvu lilikuwa halijakigusa. Kila hatua ipigeni picha kwa simu, na kila kioo kiwekeeni alama upande uliotazama mbele. Kwa kuvu lenyewe, peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa kwenye pamba laini, kisha isopropili, kisha kitambaa cha miwani. Vile vibamba vyembamba vinavyofungua na kufunga tundu la mwanga visiguswe kwa kidole.

Hatari kubwa iko kwenye hesi ya kufokasi. Ina njia kadhaa za kuingilia, na ukiitoa bila kuchora alama pale ilipoachia, utairudisha mahali pasipo pake na lenzi haitaona mbali tena. Hapo ndipo mzee anapohitajika mezani, aseme ikomee wapi, au aseme grisi hii bado nzuri, acheni. Na sisi Wanyasa tuna kipimo ambacho mafundi wa miji mingi hawana: simama ufukweni, zungusha hadi mwisho, tazama pale maji yanapokutana na mbingu. Mstari ukiwa mkali, kazi imefungwa sawasawa.

Faida ipo pia kwa anayepiga harusi kwa kamera ya kisasa. Helios nyingi zina hesi ya milimita 42, na adapta ya bei ndogo huzifunga kwenye kamera nyingi za dijitali zisizo na kioo cha ndani. Kijana anayeshindwa kununua lenzi mpya anaweza kuanzia kwenye ile ya babu yake.

Ninawaomba maparoko, walimu wakuu na wenyeviti wa vitongoji watoe chumba kikavu chenye meza na taa, siku moja kwa mwezi. Chuo cha VETA kilichopo Songea kikiombwa mkufunzi wa siku moja, sidhani kama tutakosa. Nanyi mlio Dar es Salaam, mkija nyumbani Desemba, bebeni vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Mwachieni mzee aviweke pamoja na lenzi yake ndani ya kopo lenye mfuniko, na ule mkoba wa ngozi utundikwe nje, mbali nayo.